Stabilaiza Ikifunguliwa, Nani Ataifunga?

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu.)

Karibu, ndugu msikilizaji, popote ulipo: Mahama, Kiziba, Kigeme, Nyabiheke au Mugombwa. Na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu redio ya nyumbani imeisha betri, karibu pia. Mimi ni mtangazaji wako, mkimbizi kama wewe, na leo nazungumza nawe kutoka Rwezamenyo, hapa Kigali, upande wa Nyamirambo.

Jioni nyingi tunazungumza hapa juu ya chanjo, maji, kuni na masomo ya watoto. Leo nitazungumza juu ya chuma kimoja kilicho chini ya gari. Mama, usizime redio. Usiseme hayo ni mambo ya mashoferi. Hata kama hujawahi kushika usukani, unapanda gari kwenda hospitali, kwenda sokoni, kwenda kumzika ndugu kambi nyingine. Chuma hicho kinakuhusu.

Naanza na jambo lililonitokea mimi mwenyewe.

Nilipomaliza sekondari nilikuja hapa Rwezamenyo kukaa kwa shangazi. Sikuwa na kazi, nikaomba kujifunza kwenye gereji moja. Ukipita mitaa hii ya Rwezamenyo, Biryogo na Nyamirambo utasikia Kiswahili kila mahali penye spana. Mtoto wa Masisi kama mimi hakukosa wa kuzungumza naye. Kazi yangu ilikuwa kushika taa, kuosha vyuma kwa mafuta na kuleta chai.

Siku moja ikaletwa pikapu ya zamani, ile inayovuta magurudumu yote manne. Mwenye gari alikuwa akipeleka mizigo kwenye vilima, mahali ambapo mvua imechimba mifereji katikati ya njia. Alilalamika hivi: gurudumu moja la mbele likiingia shimoni, la pili linaning'inia hewani na kuzunguka bure. Gari linakwama. Akasema ameona magari ya mashindano ambayo stabilaiza zake zinafunguliwa, akataka na lake lifanywe hivyo.

Fundi wangu ni mtu mwenye akili ya mikono. Alikata ile linki, kijiti cha chuma kinachounga stabilaiza na mkono wa gurudumu. Akachukua vipande viwili vya bomba, kimoja kinaingia ndani ya kingine. Akatoboa tundu linalopita vyote viwili. Ndani ya tundu tukaweka pini. Ukiipachika pini, linki inashika. Ukiichomoa, linki inaachia. Akafanya hivyo kulia na kushoto. Pini tulizitengeneza kwa nondo ya kujengea nyumba. Mimi ndiye niliyezipiga tupa hadi zikalainika. Nilijivunia sana.

Tukalijaribu gari kwenye rundo la mawe nyuma ya gereji. Gurudumu lililokuwa likining'inia sasa lilishuka hadi chini na kushika udongo. Tulipiga makofi.

Wiki chache baadaye shoferi wa gari hilo alichomoa pini asubuhi ili apande kilima chenye mawe. Alipanda vizuri na akashuka vizuri. Mchana akapata homa, akampa mwenzake ufunguo. Mwenzake akapakia magunia ya maharage, na juu ya magunia wakakaa watu. Mmoja wao alikuwa dada yangu, mtoto wa shangazi, anayeishi Kiziba. Walipofika kwenye lami, kwenye kona ya mteremko, mvulana mwenye baiskeli ya ndizi akatokea mbele yao. Shoferi akakata usukani upande mmoja, kisha akaurudisha. Gari likainama, likarudi upande wa pili kwa nguvu zaidi, likalala ubavu.

Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Dada yangu alivunjika nyonga. Leo anatembea kwa fimbo, na wewe unayeishi Kiziba unajua kutembea kwa fimbo kwenye kile kilima maana yake nini.

Pini zile mbili zilikutwa ndani ya kisanduku cha gari, mbele ya kiti cha abiria. Zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa safi, zimepakwa grisi. Zilitunzwa vizuri kabisa. Ila yule shoferi wa pili hakuwa ameambiwa kwamba zipo.

Siwezi kuapa kwamba pini zingezuia ajali yote. Mzigo ulikuwa juu mno, na watu juu ya mzigo. Lakini najua gari lile liliingia kwenye lami likiwa limeondolewa kitu cha kulizuia lisiiname, na aliyekuwa usukani hakujua.

Kwa muda mrefu sikumwambia dada kwamba ni mimi niliyezipiga tupa pini hizo. Jana nilimpigia simu nikamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Liseme redioni, mdogo wangu, wasikie na wengine.» Ndiyo maana leo nazungumza.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuelewe stabilaiza ni nini. Wengine wetu waliofanya kazi Goma au Bukavu wanaijua kwa jina la Kifaransa, wakisema bari stabilizatrisi. Waliopita Kampala au Nairobi wanasema stabilaiza. Ni kitu kimoja: fimbo ndefu ya chuma cha springi inayopita chini ya gari kutoka upande wa kulia hadi wa kushoto, na ncha zake zimekunjwa kuelekea kwenye magurudumu.

Fanya jaribio hili na watoto. Chukua kipande cha waya mgumu, ukikunje kama herufi U yenye kitako kipana. Mtoto mmoja ashikilie kitako juu ya meza kwa vidole, asikibane sana. Wewe inua ncha zote mbili kwa pamoja. Umeona? Zinapanda kirahisi, kitako kinazunguka tu vidoleni. Sasa inua ncha moja peke yake. Waya unajipinda, na ncha ya pili inataka kuifuata ya kwanza.

Hiyo ndiyo kazi ya stabilaiza. Gari likipita kwenye tuta na magurudumu yote mawili yakapanda pamoja, stabilaiza haifanyi kitu. Lakini gari likikata kona, mwili wake unainamia nje: upande mmoja unashuka, mwingine unapanda. Hapo fimbo inajipinda, inakataa, inauvuta mwili wa gari urudi sawa. Bila yake gari linayumba kama mtumbwi wa Ziwa Kivu upepo unapoanza.

Kwenye mawe na mifereji, kazi hiyohiyo inakuwa kero. Unataka gurudumu moja lishuke shimoni na la pili lipande juu ya jiwe, na stabilaiza inakataa. Kwa hiyo yule mwenye pikapu hakuwa mjinga, na fundi wangu hakuwa mjinga. Kufungua stabilaiza kunasaidia kweli pale ambapo gari linatambaa polepole.

Kenya kuna mashindano yanayoitwa Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangisha fedha za kulinda faru na msitu wa Aberdare. Magari yanapita porini pasipo barabara, na anayefika kwenye vituo vyote kwa kukata umbali mfupi zaidi ndiye mshindi. Mengi ya magari hayo yamebadilishwa gerejini, springi hadi bodi. Lakini angalia tofauti. Magari hayo hukaguliwa kabla ya kuanza. Mengi yamezungushiwa fremu ya vyuma ya kulinda watu wakipinduka, na waliomo wamefunga mikanda. Wanatambaa porini, hawashuki kutoka kwenye jiwe na kuingia kwenye lami wakiwa na mama na mtoto juu ya magunia.

Viwanda pia vinatengeneza stabilaiza za kufungua. Kuna Jeep Wrangler ya aina ya Rubicon, modeli ya mwaka 2007, ambayo shoferi anabonyeza kitufe na stabilaiza ya mbele inaachia. Hata zile Nissan Patrol ndefu za namba Y61, ambazo wengi wetu tumeziona zikiwa nyeupe zikiingia kambini, baadhi yake zilikuja na kitufe cha kuachia stabilaiza ya nyuma.

Nisikilize vizuri hapa. Kwenye ile Jeep, ukibonyeza kitufe, taa inawaka mbele ya macho ya shoferi. Na shoferi akisahau, gari likizidi takriban kilomita 29 kwa saa, stabilaiza inajirudisha yenyewe. Gari lina taa, na gari lina kumbukumbu.

Pini yetu ya nondo haina taa. Haina kumbukumbu. Haijui kama iko kwenye mawe au kwenye lami, wala haijui kwamba shoferi amebadilika. Fundi akitengeneza kifaa cha aina hiyo, taa na kumbukumbu lazima ziwe watu. Kama watu hao hawapo, kifaa hicho hakijakamilika, hata kama tulikipigia makofi.

(Muziki mfupi.)

Sasa nazungumza na wewe fundi, na wewe kijana unayejifunza ufundi kambini. Sitaki uache kubuni. Sisi tumeishi kwa kubuni. Goma watu wanabeba viazi na mkaa kwa chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na imelisha familia nyingi. Lakini kabla hujakata linki ya gari la watu, nisikilize.

Kwanza, jiulize kama kazi hiyo inahitajika. Gari linalokwama kwenye mifereji linaweza kusaidiwa kwa njia nyingine. Abiria washuke watembee. Mzigo upunguzwe na ushushwe chini. Upepo wa matairi upunguzwe kidogo, kisha ujazwe tena kabla ya lami. Sururu na koleo vijaze shimo. Njia hizi ukizisahau hazipindui gari kama pini iliyosahauliwa.

Pili, gari linalobeba abiria kwenye lami usilifanyie kazi hiyo. Mwenye gari akikulazimisha, kataa. Najua kukataa ni kupoteza pesa ya siku.

Tatu, usichomelee stabilaiza yenyewe. Chuma chake ni cha springi, kimepikwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea unaharibu ule ugumu wake, na siku moja kinakatika pale pale ulipochomelea.

Nne, nondo si chuma cha pini. Nondo imetengenezwa ikae ndani ya zege. Tumia bolti yenye nguvu inayojulikana. Tazama kichwa chake: namba 8.8 au 10.9 zinakuambia nguvu ya bolti hiyo. Na pini ishikiliwe pande zote mbili, isining'inie kwa upande mmoja, tena iwe na kizuizi cha kuizuia isichomoke barabarani.

Tano, stabilaiza ikifunguliwa, ifunguliwe kulia na kushoto. Ukifungua upande mmoja, nguvu yake imekwisha, na ile ncha iliyoachwa inapigapiga. Inaweza kugusa tairi au kukata bomba la breki. Kwa hiyo ncha zote mbili zifungwe juu kwa kitu imara. Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli havitoshi. Kisha zungusha usukani hadi mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, uangalie kama kuna kinachogusana.

Sita, kumbuka kwamba ukifungua ya mbele tu na ya nyuma ikabaki, unabadilisha tabia ya gari kwenye kona. Matairi ya nyuma yanapewa kazi kubwa zaidi, na kitako cha gari kinaweza kuteleza kwenda nje. Shoferi aliyezoea gari lake atakutana na gari asilolijua.

Na sasa nakuja kwako shoferi. Kwako nina neno moja tu, na ndilo lililomvunja dada yangu nyonga. Pini ikitoka, isiwekwe mahali pa siri, hata kama mahali hapo ni safi. Zifunge pini pamoja na ufunguo wa gari, kwa waya. Na kwenye usukani funga kitambaa chekundu. Atakayeshika ufunguo atashika na pini. Atakayeshika usukani atashika na kitambaa. Hata asiyejua kusoma, hata aliyepewa gari ghafla kwa sababu mwenzake ana homa, atauliza: «Hiki ni nini?»

Kitambaa kikiwa kwenye usukani, hakuna abiria, na mwendo ni wa mtu anayetembea kwa miguu. Ukiiona lami, simama. Rudisha pini zote mbili. Ukishindwa kuirudisha moja, huendi.

(Kimya kifupi.)

Na wewe abiria, mama yangu, baba yangu, kijana unayeomba lifti. Huwezi kuingia chini ya gari. Lakini una macho, una masikio na una mdomo.

Macho: tazama mzigo. Ukipita urefu wa kichwa cha shoferi, na watu wamekaa juu yake, gari hilo linapinduka kirahisi, iwe na stabilaiza au bila. Tazama pia gari linapokata kona ya kwanza polepole. Likiinama sana na kuchelewa kurudi, si jambo la kucheka.

Masikio: mlio wa ko-ko-ko chini ya mbele kila gari linapopita shimo unaweza kuwa bushi iliyokwisha, linki iliyolegea au chuma kilichoachwa wazi. Hujui ni kipi, na huna haja ya kujua. Mwambie shoferi ameusikia au la.

Mdomo ndio mgumu kuliko vyote, najua. Mkimbizi aliyepata lifti anaogopa kuuliza. Anaogopa kuambiwa ashuke, na usiku unaingia. Ndiyo maana nashauri msiulize mmoja mmoja. Kabla ya kupanda, mkubaliane, na anayeheshimiwa zaidi kati yenu aulize kwa upole: «Shoferi, mwanangu, hizi stabilaiza umezirudisha?» Shoferi mzuri hatakasirika. Huenda hata akashuka kuangalia. Na gari ambalo halina kifaa cha kufungua, shoferi atacheka na kusema lake halifunguliwi. Mmepoteza nusu dakika.

Nisiwatishe bure. Si kila gari lisilo na stabilaiza ni jeneza. Land Rover nyingi za zamani zilitoka kiwandani bila hiyo, na waliozitengeneza walizipima hivyo, na springi zake ni ngumu. Hatari inakuja pale gari lililopimwa likiwa nayo linapoendeshwa bila yake, na shoferi hajui.

Ajali ikitokea hapa Rwanda, piga 912 upate gari la wagonjwa, au 112 upate polisi. Mtu aliyeumia mgongo, shingo au nyonga usimvute wala usimwinue kwa mikono na miguu, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya papo hapo. Mfunike asipate baridi, mzungumzishe, subiri. Dada yangu alivutwa na watu wenye nia njema, na anasema maumivu ya kuvutwa anayakumbuka kuliko ya kuanguka.

Tangu mwaka 2019 polisi wa Rwanda wana kampeni iitwayo Gerayo Amahoro. Ni Kinyarwanda, maana yake ufike kwa amani. Mimi naongezea tu kwamba kufika kwa amani kunaanzia gerejini, mikononi mwa kijana anayeshika tupa.

Sijarudi tena kwenye gereji ile kufanya kazi, lakini nilipita wiki iliyopita. Fundi wangu bado yupo. Tulikunywa chai. Ukutani, juu ya meza ya spana, ametundika kitambaa chekundu. Sikumuuliza, naye hakunieleza. Kijana mpya aliyekuwa akishika taa ndiye aliyeniambia: «Hiki hakiondoki hapa mpaka kuna gari limefunguliwa kitu, na hakirudi hapa mpaka kimefungwa.»

Ndugu msikilizaji, kama kwenu kuna shoferi au fundi, msomee karatasi hii. Kama ana njia bora kuliko kitambaa chekundu, mlete kwa mtangazaji wa kambi yenu, nasi tutaisema hapa. Dada, asante kwa kuniruhusu. Ufunguo wa gari na pini zake vikae pamoja. Tukutane kipindi kijacho. Usiku mwema.

(Muziki wa kufunga kipindi.)